Mwanzo 1 na 2: kabla ya pumzi palikuwa na udongo, na kabla ya udongo palikuwa na maji

#1. Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Miaka kumi na mitatu iliyopita nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili kwenye usharika mmoja huku Nyanda za Juu Kusini. Siku hiyo somo lilikuwa uumbaji. Nimechora ubaoni duara saba, kila siku na duara lake, watoto wanaimba majibu kwa sauti moja. Mtoto mmoja wa miaka tisa, mpole, hasemi sana, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama jua liliumbwa siku ya nne, ile jioni ya siku ya kwanza ilitoka wapi?"

Nikamwambia, "Mungu hahojiwi. Kaa chini."

Akakaa. Alibaki darasani kwangu mwaka mzima baada ya hapo na hakuniuliza tena swali lolote. Mimi niliona nimelinda imani. Leo najua nilikuwa nalinda aibu yangu, maana jibu sikuwa nalo, na ile hesabu sikuwahi kuifanya mwenyewe ingawa sura ile naijua kwa moyo tangu utotoni.

Tangu siku hiyo nimeisoma Mwanzo 1 na 2 mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Biblia. Naomba niwaletee nilichokuta. Mimi si mwanatheolojia wa chuo, ni msomaji tu mwenye deni.

Nianze na lile swali la mtoto.

Andiko (natumia Union Version ya 1952, ile tuliyokulia) linasema: "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Angalieni mambo mawili. La kwanza, halisemi "siku ya kwanza". Linasema siku moja, na Kiebrania chake ndivyo kilivyo, *yom echad*. "Siku ya pili" na "ya tatu" zinafuata baadaye. Ni kama msimuliaji anatuambia kwamba kabla hujaanza kupanga foleni ya siku, kwanza lazima kuwe na kitu kinachoitwa siku. La pili, jioni inatangulia asubuhi. Wazungu waliotuletea kalenda wanaanza siku saa sita usiku, wengi wetu tunaianza tunapoamka, lakini Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili vizuri. Kwa nini tunasema saa moja usiku? Ndiyo saa ya kwanza tangu jua lizame. Mzee wa pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku unaoamkia Ijumaa, si ule unaoifuata. Wayahudi nao Sabato yao inaingia Ijumaa jua likizama. Kwa hiyo masikio yetu yako karibu na masikio ya waliosikia hadithi hii mara ya kwanza kuliko tunavyodhani.

Sasa jua. Siku ya nne Mungu anafanya "mianga miwili mikubwa". Tafuta neno jua katika sura ya kwanza, hulipati. Mwezi hupati. Kiebrania kina neno la jua, *shemesh*, na msimuliaji analijua, ila halitamki. Majirani zao wa Babeli walikuwa na mungu aitwaye Shamash, mungu jua, na mwingine aitwaye Sin, mungu mwezi. Watu waliwapigia magoti hao na kuwatolea sadaka. Msimuliaji wa Mwanzo anawataja kama mtu anavyotaja taa mbili ukutani: kubwa ya mchana, ndogo ya usiku. Nyota, ambazo Babeli nzima ilizitumia kusoma majaliwa ya wafalme, amezitupia mwishoni: "na nyota pia".

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jua limechelewa hadi siku ya nne. Nuru ipo tangu mwanzo na haimtegemei Shamash. Mimea imeota siku ya tatu bila kumwomba. Mtoto yule wa shule ya Jumapili aliligusa jambo lenyewe kwa kidole, mimi nikamwambia kaa chini.

Na hawa watu walikuwa na sababu ya kuzungumza hivyo. Nebukadneza aliubomoa Yerusalemu mwaka 586 KK na kuwahamishia watu wake Babeli. Wasomi wengi wanaona kwamba sura ya kwanza ilipata umbo lake katika miaka hiyo ya uhamisho au karibu nayo. Huko Babeli kulikuwa na simulizi yao ya uumbaji, ndefu, kwenye vibao saba vya udongo; vipande vyake vilifukuliwa Ninawi karne ya 19, na George Smith akachapisha tafsiri mwaka 1876. Humo mungu Marduk anamuua Tiamat, yule wa vilindi vya maji, anampasua vipande viwili, kimoja anakifanya mbingu. Halafu wanadamu wanaumbwa kwa damu ya mungu aliyechinjwa, na kazi yao inatajwa waziwazi: wabebe mzigo ili miungu ipumzike.

Hebu jiweke mahali pa mateka. Umefukuzwa kwako, unafanya kazi ya watu, na hadithi ya mji mzima inasema hivyo ndivyo ulivyoumbwa, mtumwa toka mwanzo. Halafu mzee wako usiku anakusimulia nyingine: giza, vilindi, hakuna vita, hakuna maiti iliyopasuliwa. "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Na wewe hukuumbwa kwa damu ya mungu aliyechinjwa, umeumbwa "kwa mfano wa Mungu", mwanamume na mwanamke. Na siku ya saba anayeumba anapumzika, kisha anaitakasa siku hiyo kwa ajili yako pia.

Nikisoma hivyo mwili unasisimka. Naendelea post inayofuata, nahamia kwenye udongo.

#2. Mleta uzi

Mwaka fulani nilikwenda Matema, Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Wanaopajua wanafahamu vyungu vya Wakisi. Akina mama wa pale, hasa kijiji cha Ikombe chini ya milima ya Livingstone, ni wafinyanzi tangu enzi za mabibi zao. Nilikaa asubuhi nzima kwa bibi mmoja nikimtazama.

Udongo wake ulikuwa umekauka, ameutwanga umekuwa unga. Aliupepeta kwa ungo, akatoa vijiwe kwa vidole, kimoja kimoja, hata vile ambavyo mimi nilikuwa sivioni. Kisha akanyunyiza maji kwa kiganja. Kidogo. Akakanda. Akanyunyiza tena. Akaubonyeza kwa dole gumba, akalitazama lile tundu kama linajifunga au linabaki wazi. Nikamwambia, bibi, mbona usimwage maji yote mara moja umalize? Akasema, "Ukiumwagia unakuwa tope, mwanangu. Ukiunyima unabaki vumbi. Vumbi halishikiki."

Nilirudi nyumba ya wageni nikafungua Mwanzo 2:7: "BWANA Mungu akamfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi." Nikajiuliza, vumbi? Vumbi halishikiki! Nikarudi mstari mmoja nyuma, ule ambao maisha yangu yote nimeuruka nikimkimbilia Adamu. Mstari wa 6: "ukungu ukapanda katika nchi, ukatia maji juu ya uso wote wa ardhi."

Maji kwanza. Ardhi imelowa, halafu ndipo mtu.

Na lile "akamfanya", kwa Kiebrania ni *yatsar*, kitenzi cha mfinyanzi hasa. Yeremia 18 nabii anapotelemka nyumbani kwa mfinyanzi, mfinyanzi mwenyewe anaitwa *yotser*, mzizi uleule. Sura ya kwanza inatumia *bara*, kuumba, kitenzi ambacho katika Biblia ya Kiebrania mwenye kukitenda ni Mungu peke yake. Sura ya pili inashuka chini, inapiga magoti kwenye udongo, mikono inachafuka. Aliyesema tu ikawa, sasa anakanda. Kisha anaweka uso wake karibu na uso wa alichokifinyanga na kukipulizia puani.

Jina la huyo mtu ni *adam*, na ardhi aliyotwaliwa ni *adamah*. Kwa Kiebrania ni kama kusema mtu-udongo katoka udongoni. Sisi jina hilo tunalitembeza kila siku bila kulisikia: mwanadamu, mwana wa Adamu, binadamu, bin Adamu. Kila tunapotaja haki za binadamu tunataja udongo ndani yake.

Nakaribisha maswali. Safari hii simwambii mtu akae chini.

#3. Mchangiaji

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umepita kimyakimya. Sura ya kwanza mimea, wanyama, halafu binadamu wawili pamoja. Sura ya pili mwanamume, halafu bustani, halafu wanyama, halafu mwanamke. Zinapingana. Mimi niliacha kuamini nikiwa kidato cha tano kwa sababu hiyohiyo na hakuna mchungaji aliyenijibu. Na nyayo za Laetoli zina miaka zaidi ya milioni 3.6. Adamu alikuwa wapi?

#4. Mleta uzi

Mkuu, ahsante, na pole kwa hao waliokunyima jibu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mpangilio haufanani, ni kweli, na sitaki kuupaka chokaa. Hata jina linabadilika. Hadi 2:3 ni "Mungu" (*Elohim*), kuanzia 2:4 ni "BWANA Mungu". Ni simulizi mbili, kila moja na sauti yake. Moja ina mwendo wa ibada, kibwagizo kinarudi, "ikawa jioni ikawa asubuhi". Nyingine ni ya mkulima: mvua haijanyesha, hakuna wa kuilima ardhi, mito minne, miti mizuri kwa macho. Walioziweka pamoja hawakuwa vipofu, tofauti waliziona na bado wakaziacha zikae jirani. Nadhani walijua kwamba moja ikibaki peke yake mtu atapotoka. Ukisoma ya kwanza tu utajiona mfalme. Ukisoma ya pili tu, utajiona tope. Hili ndilo hasa ninalotaka kulisema kwenye uzi huu na nitalirudia chini.

Kuhusu Laetoli, nimefika Ngorongoro na sina ugomvi na nyayo zile. Zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua, yakagandamana. Udongo tena, na maji. Mwanzo haunipi umri wake na siutafuti humo.

Pia nimweleze yeyote anayedhani sayansi na madhabahu lazima wapigane. Georges Lemaître alikuwa padri Mkatoliki, Mbelgiji, na vilevile mwanafizikia. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akapendekeza kwamba wote ulitoka kwenye kitu kimoja kidogo sana, alichokiita atomu ya awali. Leo wanasayansi wanakadiria umri wake miaka bilioni 13.8. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akikaribia kusema kwamba hii ndiyo "Iwe nuru" imethibitishwa. Lemaître hakufurahi. Hakutaka hesabu zake zitumike kuthibitisha Biblia, wala Biblia itumike kuthibitisha hesabu zake. Padri yule namheshimu sana.

#5. Mchangiaji (Tanga)

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni Muislamu, nimeingia kwa kichwa cha habari. Hiyo ya mfinyanzi na sisi tunayo. Surat Ar-Rahman aya ya 14, Mwenyezi Mungu amemuumba mtu kwa udongo mkavu unaolia kama chombo cha mfinyanzi. Kaka, ulimsikia huyo bibi akigonga chungu? Tofauti yetu ni siku ya saba. Surat Qaf aya ya 38 inasema mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na uchovu haukumgusa Muumba. Kwa nini Mungu wenu apumzike?

#6. Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Naam, nilimsikia! Anakigonga kwa kucha kikiwa kimekauka kivulini, kabla ya kukichoma. Kikilia vizuri, kinakwenda motoni. Kikitoa sauti butu, kuna ufa mahali, anakivunja na kukirudisha majini. Aya hiyo nimeiandika kwenye daftari langu, Mungu akulipe.

Kuhusu kupumzika, hata Isaya 40:28 inasema Mungu hazimii wala hachoki, kwa hiyo hapo hatuko mbali. Kiebrania ni *shabat*, maana yake ya kwanza ni kukoma, kuacha. Alikoma. Bibi wa Ikombe chungu kikishafika umbo lake anaondoa mikono, na si kwa kuchoka. Akiendelea kukishika anakiharibu.

Tena nikupe jambo moja litakalokufurahisha. Mnajua sehemu gani ya Biblia ilitangulia kuchapishwa kwa Kiswahili? Ni hizihizi sura. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwezi Juni akaanza kutafsiri Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Muislamu na mmisionari meza moja, wakitafuta Kiswahili cha "Iwe nuru". Mwezi uliofuata, Julai, mkewe Rosina akafariki kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Aliwazika palepale Mombasa na kazi akaendelea nayo. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society. Nikifika "na tazama, ni chema sana" huwa namfikiria mtu yule, ana makaburi mawili mapya na bado analitafutia neno chema Kiswahili chake.

#7. Mchangiaji

Kaka samahani, na mwanamke je? Nimeolewa miaka 11. Kila kikao cha ndoa naambiwa nimetoka ubavuni na mimi ni msaidizi, kwa hiyo ninyamaze. Umesema sura ya kwanza wote wawili ni mfano wa Mungu. Ya pili inaturudisha chini?

#8. Mleta uzi

Dada yangu, usiombe samahani.

"Msaidizi" hapo ni *ezer*. Unajua neno hilo linatumika kwa nani zaidi? Kwa Mungu mwenyewe. Zaburi 121: "Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi." Msaada huo ni *ezer* uleule. Kama kuwa *ezer* ni kuwa chini, basi Mungu yuko chini ya Israeli. Na maneno "wa kufanana naye", *kenegdo*, yana picha ya mtu aliyesimama mbele yako mkatazamana usoni.

Ubavu nao ni *tsela*. Katika Kutoka 25 neno hilo ni upande wa sanduku la agano, pande mbili zinazotiwa pete za kubebea. Ukitoa upande mmoja sanduku halibebeki. Wako wanaosoma kwamba Adamu alitolewa upande mzima, si mfupa mmoja. Mimi siwezi kuapa kwa hilo. Ninachojua ni kwamba mwanamume hakufinyanga chochote siku hiyo. Alikuwa amelala. Alipoamka neno lake la kwanza lililoandikwa halikuwa amri: "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu, na nyama katika nyama yangu." Alishangilia! Maneno ya "atakutawala" yanakuja 3:16, baada ya anguko, yametajwa pamoja na uchungu wa kuzaa, miiba na michongoma. Anayekunyamazisha kwa andiko amechukua jeraha akalifanya kanuni.

#9. Mchangiaji

Mimi ni Msabato na nafuatilia kwa makini. Mtumishi, usizunguke. Siku sita ni siku sita za saa 24. Kutoka 20:11 iko wazi, amri ya nne inasimama juu ya hapo. Ukianza kulegeza siku, Sabato inaanguka.

#10. Mleta uzi

Mzee wangu, nakuheshimu, na kwa kweli ninyi ndio mmetunza Sabato wakati wengi wetu tumeiuza kwa kazi za ziada. Sikuja kukunyang'anya siku yako.

Ila wapo waumini wakubwa waliosoma tofauti kabla ya sayansi yoyote ya kisasa. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, pale ilipo Algeria leo, aliona tabu ileile ya mwanafunzi wangu, siku tatu bila jua, akaona ni vigumu siku zile kuwa kama hizi zetu. Alifikiri Mungu aliumba vyote kwa mara moja na siku sita ni mpango wa kutusaidia tuelewe. Huyo ni mtu wa karne ya 4 na ya 5. Halafu mwaka 1650 Askofu Ussher wa Ireland akapiga hesabu ya vizazi akapata mwaka 4004 KK, tarehe na mwezi juu. Hesabu ya Wayahudi inaangukia 3761 KK. Waliosoma kitabu kimoja kwa uaminifu uleule hawakukutana.

Na amri yenyewe ina sababu mbili. Kutoka 20 inasema pumzika kwa sababu ya uumbaji. Kumbukumbu la Torati 5:15 inasema pumzika kwa sababu ulikuwa mtumwa Misri. Kwa hiyo Sabato imesimama kwa miguu miwili. Mtumwa wako apumzike, ng'ombe wako, mgeni wako. Kumbuka vibao vya Babeli: kule watu wanachoka ili miungu ipumzike. Huku mtu anaumbwa siku ya sita, na siku yake nzima ya kwanza duniani ni mapumziko, kabla hajafanya kazi yoyote ya kuyastahili. Hapo mzee wangu mimi na wewe tunasema amina pamoja.

#11. Mchangiaji

Swali dogo. Kijijini kwetu msitu wa chanzo cha maji umekatwa kwa mkaa. Tulipolalamika, mzee wa kanisa alisimama akasoma "mkaijaze nchi, na kuitiisha, mkatawale". Akasema Mungu ametupa. Nilikosa la kujibu.

#12. Mleta uzi

Ndugu, umefika pale nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

"Kuitiisha" ni neno zito, *kabash*, na sitajifanya ni laini. Lakini mwambie mzee asiishie 1:28, asome mstari wa 29. Huyu mtawala amepewa chakula gani? Miche itoayo mbegu na matunda ya miti. Basi. Nyama inaruhusiwa baadaye sana, 9:3, baada ya gharika. Kwa hiyo katika sura ya kwanza ni mtawala asiyeruhusiwa hata kuchinja anaowatawala. Na ametawazwa kwa mfano wa nani? Wa yule ambaye siku zote sita anaumba nafasi ili wengine wajae: maji yajae samaki, anga ijae ndege. Anawabariki samaki kabla hajambariki mtu.

Kisha sura ya pili ndiyo inayoeleza kutawala kwenyewe kunafanyikaje: "akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza." Kulima ni *abad*, ambalo pia ni kutumikia, ndilo neno la mtumishi na la ibada. Kutunza ni *shamar*. Kila Jumapili mchungaji anainua mikono, "BWANA akubarikie, na kukulinda", Hesabu 6:24. Kukulinda ni *shamar*. Anavyokulinda Mungu ndivyo ulivyoagizwa kuilinda ardhi. Sura mbili mbele Kaini anaulizwa yuko wapi Abeli, anajibu, "Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?" Neno lilelile. Kisha damu ya ndugu yake inalia kutoka wapi? Kutoka *adamah*, katika ardhi.

Yule bibi wa Ikombe alinipeleka mahali anapochimba udongo, karibu na maji. Alichimba kiasi cha karai mbili. Alipomaliza akayarudisha yale majani na udongo wa juu aliokuwa ameuweka pembeni, akaukanyagia kwa miguu mitupu, taratibu, kama anamfunika mtoto. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mjukuu wangu atachimba hapahapa."

Huyo ndiye anatawala, ndugu. Msomee mzee wako wa kanisa habari zake.

#13. Mleta uzi

Wakuu, kuna jambo limetokea tangu nianzishe uzi.

Yule mtoto wa miaka tisa sasa ana ishirini na miwili, yuko chuo, anasoma mambo ya maji na umwagiliaji. Namba yake niliipata kwa mama yake. Jana usiku nilimpigia. Nilimkumbusha siku ile, duara saba ubaoni. Alinyamaza kidogo, akasema anaikumbuka, hata shati nililovaa. Nikamwomba msamaha. Nikamweleza habari ya nuru na Shamash, jioni na asubuhi, na ukungu uliopanda kabla ya mtu kufinyangwa. Alinisikiliza hadi mwisho.

Halafu akasema, "Mwalimu, shikamoo kwanza, maana sikukuamkia. Sasa niulize? Mstari wa pili una vilindi vya maji, na Mungu hajasema neno hata moja bado. Nuru ameiagiza. Nchi kavu ameiagiza ionekane. Hayo maji aliyaagiza lini?"

Nimekesha na mstari huo. Kabla ya "Iwe nuru" maji yapo, giza lipo, na Roho imetulia juu ya maji hayo. Hakuna "yawe maji" popote katika sura nzima. Wengine wanasema yamo ndani ya "aliziumba mbingu na nchi", wengine wanasoma mstari wa kwanza kama kichwa cha habari tu. Bado sijaamua, na nitaomba wenye Kiebrania kuliko mimi washushe hapa chini.

Anakuja likizo wiki ijayo. Nimemwambia apite nyumbani Jumamosi jioni. Nimeazima ubao.